Mwenye Kadi Namba Kumi na Mbili

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Singida, ubavuni mwa duka la dawa la mtu binafsi, lililofunguliwa mwaka ule mitumba ilipoanza kuletwa kwa marobota. Benchi ni moja, birika la kahawa ni la Kitwana. Asubuhi hiyo Gaspari, tunayemwita Mizinga, alikuwa amerudi kutoka kurina asali Rungwa, miezi miwili porini. Kabla ya safari alijiandikisha kwa watafiti wa dawa mpya ya presha. Baba yake alianguka shambani kwa presha, naye hakutaka kumfuata. Walimpa kadi yenye namba kumi na mbili, bila jina wala picha. Majina, walisema, yamefungiwa kwenye kabati la chuma. Asiyefika kliniki kila mwezi hufutwa, kwa hiyo kadi alimwachia Ezekieli, yaani Redio, aende badala yake.

— Nipe kadi yangu, Redio.

— Anayo Hakimu.

— Nilikupa wewe.

— Mwezi wa tatu nilikwenda, nikatolewa damu kwa ajili yako, na sindano naiogopa. Wa nne nilikuwa na msiba Mgori. Ningeacha ufutwe?

Hakimu, ambaye ni Abdulazizi na hajawahi kuamua kesi yoyote zaidi ya bao, aliitoa kadi ndani ya kofia.

— Nilionyesha namba, nikakunja shati. Nesi alisoma faili, akasema kumi na mbili amerefuka.

— Ukamjibuje?

— Nikamwambia ni dawa.

Kitwana alimimina kahawa.

— Kwani majina wanayaficha ya nini?

— Wenye maduka ya dawa wasiyajue, alisema Redio. Hili soko huria, kaka. Wakijua una presha, bei inapanda ukiwa bado mlangoni.

— Si hivyo, alisema Hakimu. Ni ili dawa yenyewe isikujue. Ikikujua itapendelea.

— Sasa mimi itanipata wapi? aliuliza Mizinga. Faili moja lina damu yangu, damu ya Redio na damu yako.

— Lakini ukizichanganya, kwa jumla tuna afya nzuri, alisema Redio.

Hapo alitokea nesi mgeni kwetu, amebeba mfuko wa pamba kutoka duka la dawa. Aliiona kadi mkononi mwa Mizinga, akasimama.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Naitwa Damari, wa kliniki ya watafiti. Namba hiyo nimeitafuta tangu jana. Nina neno na mwenyewe, na si la hapa. Aje sasa hivi, asingoje kesho.

Hakutabasamu. Hakimu alikohoa.

— Sista, ni habari ya damu ya mwezi gani?

— Hilo nitamwambia yeye, peke yake. Kumi na mbili ni nani kati yenu?

Mizinga alimtazama Redio, Redio akamtazama Hakimu. Kisha wote watatu waliinuka.

— Ninamhitaji mmoja tu, alisema sista.

Hakuna aliyeketi.