Mzee Bushi na Jirani wa Upande wa Pili

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi ambaye wengi wenu hamkumjua, ingawa huenda gari ulilopanda asubuhi lilipita shimoni bila kugonga kwa sababu yake. Watu walimwita Mzee Bushi. Alifariki mwezi uliopita, akiwa na miaka sitini na minane.

Bushi ni kile kipande cha mpira chenye bomba dogo la chuma katikati. Hukaa kwenye mkono unaoshika gurudumu. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani, lakini kikilegea gari zima linapiga kelele kama kabati la vyombo.

Kwa miaka kumi na tisa Mzee Bushi alitengeneza bushi uani kwake, peke yake. Kalibu, kile chuma cha kuupa mpira umbo, ikiharibika, aliipeleka mji mwingine, akangoja wiki mbili. Mabomba ya chuma aliyanunua popote alipoyapata, leo manene, kesho membamba. Kipimo chake kilikuwa dole gumba. Siku moja alipeleka kreti zima kwenye kiwanda kikubwa cha kuunganisha magari. Kreti zima likarudishwa. Mpira ulikuwa mzuri, waliukubali, ila hakuna bushi mbili zilizolingana.

Hapo ndipo alipohamia kwenye kongano. Kongano, wasikilizaji wapendwa, ni karakana nyingi zilizowekwa mahali pamoja, kila moja na kazi yake. Hili lilikuwa na karakana kumi na moja, nyuma ya kiwanda hicho hicho kilichomkataa. Milango miwili kutoka kwake alikaa mama mmoja wa kalibu. Ikiharibika asubuhi, jioni imepona. Ukuta kwa ukuta alikaa mchongaji wa mabomba ya chuma. Na katikati ya uwanja palikuwa na mashine ya kupimia, ambayo hakuna fundi mmoja angeweza kuinunua. Waliinunua wote kumi na mmoja.

Mzee Bushi aliyekuwa akitoa bushi arobaini kwa siku, sasa alitoa mia sita. Na zote zililingana. Kiwanda hakikutaka tena kipande kipande, kilitaka mkono mzima wa gurudumu, umekamilika. Kumi na mmoja wakawa wanaupeleka pamoja, wakawashinda wauzaji wakubwa wa mbali. Lakini shikeni hili: mmoja akisimama, wote wanasimama.

Sasa niwaambie kilichoniuma. Mzee Bushi alihamishia kazi yake kwenye kongano, ila yeye mwenyewe hakuhamia. Zamani mshirika wake alijifunza mchanganyiko wake wa mpira, akamtoroka, akafungua duka lake. Tangu hapo hakumwamini mtu. Karakana yake aliizungushia bati la pili. Akaweka kufuli. Wenzake walipaita Ikulu, kwa kuwa hapaingiliki bila miadi. Mchana walikula kwenye benchi karibu na mashine ya kupimia, wakipiga soga. Yeye alikula ndani, mlango umefungwa, akisikiliza vicheko vya watu walio hatua nne kutoka kwake. Alikuwa mjane. Nyumbani hapakuwa na mtu, na kazini alijifanyia vivyo hivyo. Miaka sita.

“Nilikuwa nikimuuliza, Baba, leo umeongea na nani?” anasema binti yake wa pekee, karani wa shule. “Ananijibu, nimeongea na mashine.”

Kisha kifua kikamlaza hospitali. Mpira aliokuwa ameuchanganya ukaisha. Karakana kumi zikakaa zikingoja bushi, na kiwanda kikawapa wiki mbili tu, la sivyo kazi inakwenda kwingine. Binti akamsihi amwambie mchanganyiko. Mzee akasema atatoka kesho kutwa, atachanganya mwenyewe. Hakuwa mtu wa kutoka kesho kutwa, na binti aliliona hilo.

Siku ya nne akaja mgeni wodini. Ni yule mchongaji wa mabomba. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mapajani.

“Mzee mwenzangu,” akasema, “nimekuja kuomba ruhusa. Nataka nimwonyeshe binti yako mchanganyiko.”

“Mchanganyiko gani?”

“Wako. Magunia yenye majina ya dawa za mpira unayatupa nyuma kwangu. Mashine yako naisikia inazunguka dakika ngapi. Na mpira ukiiva, harufu haijui kufuli.”

Mzee alimkodolea macho. “Umejua tangu lini?”

“Tangu mwaka wa kwanza.”

“Na hukutengeneza?”

“Hiyo kazi yako. Mimi nikianza kupika mpira, mabomba yako atachonga nani?”

“Sasa mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia wapi, ndugu yangu? Hata salamu ulikuwa unaipokea kwa mgongo.”

Binti anasema baba yake aligeukia ukutani, akalia. Baadaye akatikisa kichwa kukubali. Binti akaomba likizo shuleni, akafundishwa na jirani kazi ya baba yake mwenyewe. Bushi ya kwanza aliileta wodini. Mzee akaibonyeza. “Bado,” akasema. “Ongeza dakika mbili.” Waliongeza. Mzigo ulifika kiwandani kwa wakati, na kazi ikabaki kwao.

Mchongaji alirudi kila mchana. Walizungumza mpira, chuma, wake zao. Siku tisa. Siku ya kumi alikuta kitanda kimetandikwa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa binti na jamaa wote, pokeeni pole zetu. Na wewe unayetusikiliza ukiwa umejifungia na kazi yako, jiulize ni nani unayemwogopa, na kama umewahi kumuuliza jina lake.

Nilipomtembelea yule mchongaji, hakutaka kuhojiwa. Aliniambia jambo moja tu. Kwamba siku ya mazishi alisimama mlangoni muda mrefu, kwa sababu hakujua akae wapi. Ndugu si ndugu, na rafiki ni wa siku tisa. Mwishowe alikwenda kukaa na wageni, mbali na wafiwa.

Baba mchongaji, kama unanisikia, hukupaswa kukaa na wageni. Pole kwa kufiwa.