Fundi Saa Alivyofungwa na Mkunga

Jumatatu ile benchi la kona, mbele ya kibanda cha kinyozi, lilijaa mapema. Wote walimsubiri fundi saa, wanayemwita Dakika. Jana yake aliingia fainali ya chesi ya mtaa akiwa na kete nyeupe, dhidi ya mkunga wa zahanati, na alikuwa ameapa kummaliza kabla kahawa haijapoa. Sasa alikuja kichwa chini, akapokea kikombe kwa muuza kahawa bila kumtazama mtu.

Akaeleza kwa ufupi. Alisogeza askari wa mfalme. Mama mkunga akamjibu kwa askari wa upande wa malkia, ufunguzi uitwao Sisilia. Toka hapo kete zake nyeusi zilimkaba mpaka mfalme wake akakosa pa kukanyaga.

— Sisilia ndiye nani? akauliza Kinyozi. Dada yake?

— Atakuwa mwalimu wake, akasema Bonge, dereva wa lori. Wawili kumchezea mmoja, hiyo siyo haki.

Dakika alijua Sisilia ni kisiwa tu. Akainamia kikombe chake.

Bonge akaendelea: wakunga wamezoea kukesha, basi alimchosha makusudi. Kinyozi akaona ni ile harufu ya dawa nguoni mwake, inalegeza ubongo.

— Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ukampa malkia, akaongeza Kinyozi.

Wakakata shauri: Dakika kaibiwa, iandikwe barua mechi irudiwe. Kalamu ikapatikana. Neno moja tu lingewanyamazisha, kwamba mama alimzidi. Dakika akalimeza pamoja na kahawa, maana kutetewa kulikuwa kutamu.

Seremala aliyehamia mtaani wiki ile, aliyekaa mwisho wa benchi, akauliza kwa upole:

— Samahani, kaka. Mchezo ulipoisha, mama alisemaje?

Hakuna aliyejua. Wakamgeukia Dakika.

Dakika akakumbuka: mama alisema, "Asante, kaka, leo umenitoa jasho," akanyoosha mkono juu ya ubao. Na yeye alichukua koti lake akatoka. Mkono ukabaki hewani mbele ya watu wote, mkono ule ule uliompokea binti wa Dakika siku alipozaliwa.

Dakika akauficha mkono wake wa kulia mfukoni. Kinyozi akaifunika kalamu taratibu, barua haijaandikwa, na muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe.