Njia Nzuri Inaishia Machimboni

Benchi letu liko mbele ya karakana ya pikipiki, katikati ya kinyozi na kibanda changu cha kushonea viatu. Ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, na umebonyea upande mmoja kwa sababu huko ndiko anakokaa Gia, aliyeendesha malori mpaka macho yakamgomea. Kinyozi tunamwita Redio. Habari akiisha kuianza huwezi kuizima. Mwenye karakana ni Fundi tu. Shangazi huweka jiko na birika la kahawa pale kwenye kona ya ukuta, na asubuhi hiyo birika lilikuwa limeshazunguka mara moja Upepo alipoingia na pikipiki nyekundu kwa vumbi. Upepo ni kijana wetu anayesafirisha mizigo. Alikuwa ameondoka jana yake na kifurushi kimoja, safari ambayo hata nusu siku haikustahili kumaliza.

Akakaa, akapokea kikombe, akanywa. Mkono wa koti lake ulikuwa umechanika toka begani hadi kwenye kiwiko, na umeshonwa kwa uzi mweusi. Mimi mtu wa sindano niliutazama ule mshono. Ulikuwa umenyooka.

— Ulipotea, akasema Redio.

— Nilipotea.

Basi akatueleza. Kifurushi kilitoka hospitali, kwenye karakana ya viungo vya bandia. Ndani yake mlikuwa na mguu wa kushoto, wa mama mmoja fundi cherehani anayeishi kijiji cha nyuma ya vilima. Mguu wake mwenyewe ulikatwa baada ya kidonda kukataa kupona, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Kwa mguu mmoja alikuwa anachoka kabla suruali haijaisha. Wateja wakaanza kupeleka vitambaa kwingine, mmoja mmoja, kwa adabu.

Lami ikamfikisha Upepo mahali inapokatika, changarawe ikaanza. Akaenda vizuri mpaka kwenye njia panda. Simu ilionyesha mstari mmoja. Ardhini palikuwa na barabara mbili. Moja pana, imepitiwa na greda juzijuzi, ina mitaro pande zote mbili. Nyingine nyembamba, nyasi zimeota katikati, mawe yametokeza kama magoti. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

— Kule hospitali hawakukuambia uulize kabla ya kufika njia panda? akasema Gia.

— Waliniambia.

— Ndiyo hayo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Shangazi akamtupia jicho, kwa sababu ya ule mguu. Gia mwenyewe akaona alichosema, akakohoa.

Redio akaokoa jahazi. Akasema porini hakuna haja ya kuuliza, mtu anafuata nguzo za umeme. Upepo akamjibu kwamba huko umeme haujafika. Redio akasema basi afuate kinyesi cha ng'ombe: kikiwa kikavu uko mbali na watu, kikiwa kibichi umekaribia.

— Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye, akamalizia.

— Hilo linahusu nini? akauliza Fundi, kichwa kikiwa ndani ya injini.

— Linahusu ng'ombe.

— Kinyesi nilikifuata, akasema Upepo. Nikafika kwa ng'ombe.

Gia akasema shida ya vijana ni kutoisoma barabara. Changarawe ina mawimbi, akaeleza, yale yanayotikisa meno. Mawimbi huletwa na watu wenye haraka, na watu wenye haraka wana kwao. Kwa hiyo barabara yenye mawimbi ndiyo yenye kijiji, na ile laini inaelekea kwa mtu asiyejulikana. Redio akakataa. Akasema barabara huelekea anakotaka mwenye greda, na mwenye greda naye ni binadamu, ana wakwe. Alimjua mmoja aliyechonga barabara mpaka uani kwa mama mkwe wake, halafu ikaingizwa kwenye ramani hivyohivyo. Nusu ya kona tunazopiga, akasema, ni mapenzi ya watu.

— Na nusu nyingine? akauliza Shangazi akimimina.

— Nusu nyingine ni ugomvi wa ndoa.

Gia hakutaka kushindwa. Akasema mchana wa jua kali barabara ya changarawe hujisogeza yenyewe. Yeye aliwahi kuegesha lori, akala, akalala kidogo, akaamka akaikuta barabara upande wa pili wa lori. Fundi akamuuliza kama siku hiyo alikunywa maji au kitu kingine. Gia akasema penye wazee haliharibiki neno.

Upepo aliwasubiri wamalize, ndipo akaendelea. Alichagua ile barabara nzuri, kama ambavyo mtu yeyote angechagua. Akapaa, na kila alivyokwenda ikazidi kuwa nzuri, mpaka akaanza kuimba. Halafu ikaisha. Mbele yake palikuwa na shimo kubwa kama uwanja wa mpira, malori chini, na watu wakiponda mawe. Yalikuwa machimbo ya changarawe. Barabara ilitengenezwa ili changarawe itoke kwenda kutandikwa barabara nyingine, mbali na pale.

Akageuza. Pale ukingoni kokoto zilikuwa zimelundikana, laini kama mtama gunia likipasuka. Gurudumu la mbele likaogelea, akashika breki ya mbele, jambo ambalo Fundi alimkataza tangu siku ya kwanza, na pikipiki ikalala. Mkono wa koti ukachanika, kiwiko kikachubuka. Kifurushi kikachomoka kwenye kamba kikabingirika mpaka chini shimoni. Alituambia kiwiko hakukisikia. Alichokisikia ni kile kifurushi kikigonga jiwe baada ya jiwe.

Mama mmoja aliyekuwa akiponda kokoto aliweka nyundo chini, akakiokota, akapanda nacho taratibu. Karatasi ilikuwa imechanika na vidole vimechungulia. Akampa bila kushangaa.

— Baba, umeangusha mguu.

Akaukagua pamoja naye. Ulikuwa na mkwaruzo kisiginoni, basi. Upepo akamwuliza kijiji kiko wapi, akamwonyesha alikotoka.

— Hii nzuri ni ya malori, akamwambia. Ya watu ni ile mbovu.

Akarudi mpaka panda, akashika ile mbovu. Alisimama kwenye vikanyagio njia nzima, magoti yamelegea, gia ya pili, usukani ameushika kama mtu anavyoshika kuku ambaye hataki kumuumiza. Pikipiki ilipotaka kucheza aliiacha icheze. Kwenye korongo moja alishuka akaisukuma. Jua lilikuwa linashuka alipofika, na nyumba ya fundi cherehani haikuhitaji kuulizwa, maana mashine ilikuwa barazani.

Fundi cherehani akakifungua kifurushi. Aliufuta mguu vumbi kwa kitambaa chenye maji, akauona mkwaruzo, akapitisha kidole juu yake. Upepo akaanza kuomba radhi. Yeye akavaa mguu, akakaza mikanda, akasimama akishika mlango. Watoto wa dada yake walitoka wakimtaka atembee wamwone. Hakutembea kwao. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akakaa, akaweka miguu yote miwili kwenye pedali, akakanyaga bila kitambaa, akisikiliza. Kisha akamgeukia Upepo.

— Vua koti.

Huo ndio mshono niliouona. Upepo akalala kwao, asubuhi wakampa uji, akarudi.

Gia akasema penye changarawe hapana barabara, na hatukumcheka kwa sababu safari hii methali, japo aliibadilisha, ilikaa.

Pembeni alikuwepo mama mmoja mgeni aliyeleta baiskeli kuzibwa pancha. Alikuwa amesimama muda wote akisikiliza, kikapu mkononi. Fundi alipomrudishia baiskeli hakuondoka.

— Samahani, wanangu, akasema. Huyo fundi cherehani akitaka yeye kuja huku, anakujaje?

Gia akamtazama Redio. Redio akamtazama Upepo. Shangazi aliinua birika kutujazia, likatoa matone mawili na machicha.

— Sikumwuliza, akasema Upepo.

Yule mama akaitikia kwa kichwa, akatundika kikapu kwenye usukani, akapanda, akaenda zake. Gia akaanza kusema kitu kuhusu malori ya zamani, akaacha. Upepo akarudisha kikombe kwa Shangazi, akaenda akasimama kando ya pikipiki yake, akitazama nyuma ya kiti, mahali pa mizigo.

— Fundi, akasema, vile vikanyagio vya abiria ulivyonifungulia nilipoanza kazi ya vifurushi, bado unavyo?

Fundi akajifuta mikono, akaingia ndani kuvitafuta.