Kabati Lisilopita Mlangoni

Sogeeni, wanangu, masikio yatangulie miguu, kwa maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema, si ya kurudia. Wewe mshonaji, binti yangu kifungua mimba, kaa kulia; wewe dereva, kaa kushoto; na wewe Kiguu-na-Njia, kitinda mimba, kaa popote, maadamu utakaa. Dada yangu, shangazi yao, usiinuke hapo ulipo, nitakufikia.

Tangu mama yenu atangulie, mshonaji na dereva hawasalimiani, kisa kabati lake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si kifo. Kifo ni mgeni mwenye adabu, amekwisha kupiga hodi, na nimemwambia asubiri nimalize. Humu nyumbani kila chombo kilichotiwa nguo mmekiita kabati, na asiyejua jina la kitu hugombea hata asichokitaka. Mimi seremala nimevichonga vyote kwa mikono hii. Niacheni basi niviite kwa majina, na kila jina liende kwa mwenyewe.

Sanduku ni lile lenye mpini, la mtu ambaye nguo zake hazijui zitaamkia wapi. Ni lako, Kiguu-na-Njia. Usicheke, nimelitia bawaba mpya, na ndani nimekuwekea shati jeupe, ili siku ukipata mchumba usiende kwao na fulana.

Kasha hufunguka kwa juu, na atakaye kilicho chini sharti ainue kilicho juu. Ni chombo cha wenye subira na wenye siri. Hilo ni la shangazi yenu, ambaye tangu asubuhi amelikalia kama kuku aliyeatamia.

"Nimekaa tu, kaka, miguu inauma!"

Inauma, dada, nami nakuamini, ingawa viti vimejaa tele. Lichukue, ni halali yako.

Almari ni ya droo, na kila droo ina mwenyewe, hakuna aingiaye kwa mwenzake. Hiyo ni ya wajukuu. Na yule mdogo apewe ya chini, asije akaifanya ngazi.

Sasa kabati. Kabati husimama wima, lina milango miwili, na ukilifungua hukuonyesha yote kwa mara moja, halijui kuficha. Nililijenga humu humu chumbani mwaka niliomwoa mama yenu, nikalipenda mno hata nikasahau kupima mlango. Mama yenu alicheka, akakaa chini, akacheka tena: "Fundi, hili haliondoki, hata mimi nikiondoka, litabaki." Nalo limebaki. Ninyi mmenuniana muda wote huu, na hapana hata mmoja aliyeleta futi! Mngelitoa kwa mlango upi?

Lakini sikilizeni. Halina msumari wala gundi. Limeshikwa kwa vigingi vya mbao, na kigingi chake hutoka kwa njia moja tu: mmoja aingie ndani agonge, mwenzake asimame nje ashike ubao. Anayejaribu peke yake litamwangukia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nawarithisha ninyi wawili, mshonaji na dereva, likae mwaka huu kwa huyu na mwaka ujao kwa yule, mlifungue pamoja na kulisimamisha pamoja. Wahenga walisema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Mimi shamba sina, nina nyundo. Iko chini ya kitanda. Anzeni sasa, ningali nasikia.

Nani kaingia ndani?

"Mimi, baba. Dada, shika vizuri, usije ukaniponda."

"Gonga, acha maneno, wewe! Tangu utotoni maneno tu."

Ehee. Sauti hizo... ndizo nilizozingoja. Mungu awape nyumba zenye milango mipana, wanangu, na mioyo isiyohitaji ufunguo... Kiguu-na-Njia, nipe mkono... Kigingi cha juu kwanza... taratibu, dereva, huo si usukani... Gonga... gonga tena...

Kimetoka. Nimesikia.