Mama Mia Mbili Akabidhi Ghala la Silaha

Baada ya miaka thelathini na minne na siku kadhaa ambazo ni yeye tu anayezijua kwa idadi, fundi mkuu wa silaha wa kampuni yetu ya ulinzi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kwenye barua huandikwa Fundi Mkuu. Sisi tunamwita Mama Mia Mbili, na asiyejua sababu ataijua kabla chai haijapoa.

Aliajiriwa kama msafishaji, binti pekee katika karakana yenye wanaume saba na kiti kimoja kizima. Mwaka wa pili kiti kikawa chake, na hadi leo hakuna anayekumbuka kilihamaje. Mumewe ni fundi cherehani. Watoto wao watatu wanaweza kutofautisha mafuta ya cherehani na mafuta ya bastola kwa kunusa tu.

Mwaka wake wa tatu kampuni ilinunua risasi za aina mpya, zenye kishimo kichwani kama kijikombe. Zilisifiwa kwa jambo la maana: zikigonga hutanuka na kusimama, haziendelei kupenya ukuta na kumjeruhi mpita njia. Lakini bastola zetu ni za kizamani, za mtindo wa jeshi, na ziliundwa kwa risasi za kichwa cha mviringo. Ndani kuna kijiteremko cha chuma ambacho risasi hukipanda ikitoka kwenye magazini iliyo mpinini kuingia chemba ya kufyatulia. Kichwa cha mviringo huteleza. Chenye kishimo huweza kujikwaa ukingoni, na hapo bastola inageuka nyundo ghali. Fundi wetu aliomba muda wa kuzijaribu. Msimamizi wa wakati huo akamwambia atie saini kwamba zinafaa, naye akatia.

Miezi miwili baadaye mlinzi mmoja alivamiwa getini. Risasi ya kwanza ilitoka, ya pili ikakwama, na nondo ya jambazi ikalivunja goti lake. Fundi alikwenda kumwona wodini kila Jumapili kwa wiki sita, akiwa na magazeti kwapani. Mlinzi hakumlaumu. Alimwambia tu, “Dada, wewe uliandika ulichoambiwa.” Fundi aliwahi kunieleza kwamba heri angetukanwa.

Risasi zile zilirudishwa kwa muuzaji. Zikasahaulika kwa miaka mingi, mpaka alipokuja mkurugenzi aliyependa vitu vipya, akaagiza makasha kumi na mawili ya risasi za namna ileile na kutaka zigawiwe Jumatatu. Mimi, karani wa ghala, ndiye niliyepeleka fomu. Mama aliisoma, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kikombe chake.

Mkurugenzi alishuka mwenyewe karakanani, tai imemkaba na uso umemkaba zaidi. Mama alimpa miwani ya kinga na bastola, akamwelekeza kwenye shabaha. Mbili zikatoka, ya tatu ikakwama.

“Hii chafu,” akasema mkurugenzi.

“Chukua hii, mzee. Nimeisafisha asubuhi.”

Ile nayo ikakwama kwenye ya pili. Mkurugenzi aliitazama kama mtu aliyenyimwa salamu na mkwewe. Kisha akauliza, taratibu, “Sasa tufanyeje?”

“Walinzi wabaki na zile risasi za zamani. Nami nipe miezi mitatu. Bastola itakayopiga mia mbili bila kukwama nitaitilia saini. Ikikwama hata ya mia na tisini na tisa, haitoki hapa.”

Wakati huo fomu ilikuwa na nafasi ya sababu za kukataa. Aliandika: goti la mtu. Mkurugenzi hakuelewa, nikamsimulia tukipanda ngazi. Hakutaja tena Jumatatu.

Miezi hiyo mitatu masikio yetu yalikoma. Alijaribu risasi zenye vishimo vya maumbo manne, akabadilisha springi za magazini zilizochoka, akavikwaruza na kuving'arisha vijiteremko kwa subira ya mtu anayemtoa mtoto mwiba. Kati ya bastola arobaini, thelathini na moja zilifika mia mbili. Tisa zilishindwa, naye akazistaafisha kabla yake, kila moja na kadi yake ya maelezo. Kuna waliosema mama amezidi. Alisikia, akaendelea kuhesabu.

Mwaka uliofuata, saa kumi alasiri, wanaume watatu wenye mapanga waliingia na gari kwenye bohari ya dawa. Zamu ilikuwa ya mlinzi mwanamke mwenye mapacha wa miezi minane nyumbani, na kiunoni bastola mojawapo ya zile thelathini na moja. Alipiga moja hewani, hawakusimama. Alipiga ya pili, ikatoboa tairi la gari lao, nao wakatawanyika kwa miguu, kila mtu na njia yake. Jioni aliileta bastola ghalani. Mama hakuuliza habari za majambazi.

“Ya pili ilipanda vizuri?”

“Ilipanda, mama.”

Akaipokea, akaifungua, akaanza kuisafisha. Niliona amepangusa mahali pamoja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sasa anaondoka. Anasema atamsaidia mumewe kutengeneza cherehani mbovu za mtaa mzima, na tunawaonea huruma wateja watakaodhani nguo yao itatoka kabla cherehani haijashona mia mbili.

Mama, kwa niaba ya walinzi waliofika nyumbani jioni, wakavua buti na kuulizia chakula, bila kujua kuna mtu aliyewahi kukunja fomu na kuiweka chini ya kikombe: asante. Upumzike vizuri, ulale hadi jua likuchoke, na maisha yako mapya yawe mema kila siku yake.