Mshumaa Kwenye Mdomo wa Birika

Jina la Yesu liinuliwe, ndugu zangu! Nimekaa kimya katika ushirika huu wa Muscat kwa miaka miwili na miezi saba. Ijumaa ya leo nitasema.

Mnanijua kama Mama Neema, mpishi wa Bi Zuwena kule Al Khoudh. Hamjui kwamba kwa miaka ishirini na sita nilitengeneza mvinyo Dodoma. Nilianza nikichuma zabibu, nisijue kusoma. Nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne niliingia darasa la watu wazima. Nilipofika thelathini na tisa nikafaulu mtihani wa ufundi wa mvinyo, mwanamke pekee katika chumba kile. Miaka kumi na mmoja ya mwisho nilikuwa mkuu wa matangi yote, na makanisa yalishiriki meza ya Bwana kwa kazi ya mikono hii. Sioni haya kuyasema.

Lakini kazi hiyo ndiyo iliyonifanya mjane. Zabibu zinapochacha hutoa hewa nzito isiyoonekana, nayo hutuama ndani ya tangi na kuua. Kwa hiyo, kabla ya mtu kuingia, tulishusha mshumaa uliowashwa. Ukizimika, haingii mtu. Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi, mume wangu Yohana aliniambia, "Mke wangu, mshumaa tumwachie padre." Nilicheka. Ndugu zangu, nilicheka! Alishuka, hakupanda tena.

Kiwanda kilipofungwa nilikuja huku, na kwenye fomu nikaandika "mpishi". Nyumba ya Waislamu wacha Mungu ingempokeaje fundi wa mvinyo? Bi Zuwena aliponisifu kwamba nautambua mchuzi unaotaka kuchacha kabla haujachacha, nilisingizia mazoea ya jikoni.

Khalfan, mwanawe, alikuwa ameanza biashara ya siki ya tende. Akitafuta ubaridi, aliyaweka mapipa yake ndani ya birika kuukuu la maji, tangi lililochimbwa chini ya ua, akalifunika. Jumanne, wiki tatu zilizopita, saa tatu asubuhi, alilifunua na kuteremsha ngazi. Harufu ya kuchacha ilinifikia jikoni. Niliifahamu! Nguo za Yohana zilinuka vivyo hivyo tulipomtoa.

Nikakimbia. "Usishuke!"

"Mama Neema, umeona jini?" Mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. "Ntatoka sasa hivi."

Nikinyamaza, siri yangu imepona. Nikisema, nitarudishwa kwetu. Bwana, nipe kinywa! Nilimshika kanzu yake ya dishdasha kwa mikono miwili, nikaomba mshumaa.

"Mshumaa wa nini na jua lote hili?"

Niliushusha kwa kamba ya kuanikia nguo. Haukufika pima moja, ukazimika. Tukauwasha tena. Ukazimika tena. Kicheko chake kikakatika.

Bi Zuwena alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake. "Nani kakufunza haya?"

"Mvinyo, Bibi. Nilikuwa fundi wa mvinyo. Nilikuficha."

Alikaa kitini. Nikaanza kufikiria kufunga sanduku langu.

"Ndo maana hiyo pua," akasema. "Mvinyo sitaki kuusikia nyumbani mwangu. Lakini mwanangu yu hai. Ulofanya huko atakuuliza Mola wako, si mie. We Khalfan! Birika hilo hulisogelei mpaka Mama Neema akwambie, umesikia?"

"Nnasikia, mama."

Ndugu zangu, hofu haijaniacha yote. Lakini Mungu alikichukua kile kile nilichokificha, akaokoa nacho mtu! Wewe uliyefunga mdomo kwa woga, mtumaini Yeye, sema leo, kabla mtu hajashuka.

Mapipa sasa yako uani, kwenye hewa. Kipande cha mshumaa ule nimekuja nacho. Nisaidieni kukiwasha, kwa shukrani. Siku ya Yohana sikuwasha mshumaa.