Orrin Teachout na Ndege Iliyoegemea Alikoegemea

Majirani na jamaa, mimi Hepzibah ndimi bibi yake Orrin, yeye mjukuu wangu, nimesukumwa kusoma wasifu wake kwa sababu baba yake sauti imemkauka, na hata sasa naona kama mmekosea jeneza, maana Jumamosi asubuhi mtu huyu alikula pai yangu ya tufaha, akaniachia sahani chafu mezani.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1883, hapa Tamarack Lake, mtoto wa kwanza wa Jabez na Cora, akasoma shule yetu ya kijiji hadi 1897, akatoka anajua hesabu na kubishana, kisha akaingia karakana ya baiskeli ya Bwana Sayre.

Mei 1906 alimwoa Lovina, aliyempata kwa kupita na baiskeli kando ya uzio wao kila jioni, akiinama upande wake mpaka kofia iguse maua, na mazoea hayo hakuyaacha hata baada ya ndoa, wakajaliwa binti mmoja, Ada.

Mwaka 1909 yeye na mdogo wake Alvah walianza kuunda ndege, mabawa mawili, moja juu ya jingine, fremu ya mianzi, injini nyuma ya kiti, na nira ya mabega inayovuta nyaya, ili rubani akiegemea, nayo iegemee. Akaniambia, "Bibi, ni baiskeli tu hiyo." Nikamwambia, "Basi kaa wima, mjinga wewe, huko juu hakuna uzio wa kushika."

Hakuugua. Tarehe 17 Juni 1911, uwanja wa maonyesho, alipita na ndege yake karibu na ardhi mbele ya watu, akamwona Lovina uzioni amempakata Ada, akamwinamia kama kawaida yake, na ndege ikatii, ikaegemea naye mpaka ardhini. Lovina alikuwa bado ameinua mkono.

Mnasema ndege imemuua, na jana Alvah alisimama ghalani na mafuta ya taa, "Bibi, ile ndege ya pili tuliyounda naichoma." Huchomi kitu, Alvah, nasema mbele ya mchungaji, akili yote ya kaka yako imo mle, toa nira, weka usukani wa mkono, ili mtu amsalimie mkewe asife.

Tunamshukuru Daktari Wixom, aliyekuja mbio na kitambaa cha chakula kingali shingoni, majirani mliotupikia, na wenzake wa karakana waliochonga jeneza.

Pumzika, Orrin, na huko ulikokwenda, kaa wima.